Nilimwambia Nasoma

Somo yangu alinipigia simu nikiwa upande wa pili wa milima, kwenye mashamba ya chai, nimeshika kibarua cha kupalilia. Hakunisalimia.

"Mwisho wa mwezi nahamishwa," alisema. "Binti anakuja kunichukua nikakae kwake Tanga. Nyonga imegoma, na yeye anasema masika mengine hayanikuti huku peke yangu. Njoo tukae. Wiki nne tu, halafu utaendelea kuzurura kwako."

Nilimwambia nitamaliza mstari niliokuwa nimeushika, kisha nitakuja. Yeye alijua kwamba sijawahi kukaa wiki nne mahali popote kwa hiari yangu. Mimi nilijua kwamba katika maisha yetu yote hajawahi kuniomba kitu. Siku ya tatu nilikuwa njiani, nimebeba mfuko mmoja.

Tunaitana somo kwa sababu tuna jina moja. Shuleni mwalimu alitutofautisha kwa makazi: yeye alikuwa wa juu, mimi wa bondeni. Akiita jina bila kuongeza neno, tuliitika wote wawili, na akikasirika tulichapwa wote wawili. Urafiki wetu ulianzia hapo. Mimi niliacha shule darasa la sita. Yeye alimaliza la saba, akarithi matuta ya baba yake juu ya barabara ya Kifungilo, akalima karoti na kabichi, akaoa, akazaa binti mmoja, akafiwa na mke. Mimi katika muda huo nimekata mkonge, nimepakia vitunguu, nimelinda maghala, nimechoma mkaa, nimepika kwenye kambi ya wachimba mchanga. Kila baada ya miaka miwili au mitatu nilipita kwake, nikala, nikalala siku mbili, nikaondoka.

Safari hii alinikuta kwenye njia panda akiwa na fimbo. Alikuwa amekonda. Aliuangalia mfuko wangu.

"Umekuja na mali yako yote?"

"Nyingine inakuja na lori."

"Basi tutangojea lori," alisema, tukapanda mlima polepole, yeye akiongea njia nzima.

Lazima niseme jinsi somo yangu anavyoongea. Anaongea kama mtu anayetwanga: akishaanza hapumziki mpaka kilichomo kilainike. Asubuhi anaanza na ndoto aliyoota. Kwenye chai anaingia kwenye habari ya kondoo dume wa jirani aliyetumbukia chooni na jinsi walivyomtoa kwa kamba ya kengele ya kanisa. Mchana ni ugomvi wa mfereji wa maji, nani alifungua, nani alifunga, na nani alisema nini kwa Kishambaa ambacho hakitafsiriki. Siku tatu za kwanza nilikunywa maneno yake kama mtu aliyetoka jangwani. Siku ya nne nilianza kutazama mlango.

Mvua nayo ilikuwa imeweka kambi. Asubuhi ukungu ulifika mpaka kwenye kizingiti, na miti ya mapeasi iliyokuwa hatua kumi kutoka dirishani haikuonekana. Mtu kama mimi akibanwa hutoka na kutembea. Hapa njia ya kushuka ilikuwa tope la kuteleza na rafiki yangu alikuwa na nyonga mbovu. Nikatembea ndani ya chumba.

Chumba nilichopewa kilikuwa kimepangishwa kwa mwalimu kijana. Alihamishwa ghafla, akaacha katoni mbili chini ya kitanda na ahadi ya kuzifuata. Siku ya nne, nikitafuta kiatu, nilivuta moja. Ilikuwa imejaa vitabu. Nikavuta ya pili. Nayo vitabu.

Sijui kama nitaeleweka na mtu ambaye hajawahi kukosa vitabu. Mimi nimesoma kila kilichopita mikononi mwangu: magazeti ya kufungia samaki, maelezo ya kwenye chupa za dawa ya mifugo, kitabu cha sheria za barabarani, nusu ya riwaya niliyoikuta kwenye kibanda cha mlinzi na ambayo mpaka leo sijui mwenye kosa ni nani. Sikuwahi kuona vitabu arobaini mahali ambapo ninalala. Kulikuwa na kimoja cha ufugaji wa nyuki, chenye picha. Kulikuwa na hadithi za upelelezi zilizopoteza majalada. Kulikuwa na masimulizi ya mabaharia, kitabu cha kemia kilichotafunwa na panya, na riwaya moja nene kuhusu mfungwa, iliyokosa kurasa nane za mwanzo. Nilivipanga kwa unene ukutani. Nilihesabu siku zilizobaki mpaka mwisho wa mwezi, nikahesabu vitabu, na nikaona kwamba havitoshani.

Hesabu hiyo ilikuwa ya siku zile zile alizonialika. Nilijua hivyo wakati naifanya.

Siku ya tano nilisoma huku ananiongelesha. Nilishika ukurasa mmoja wa mfungwa kwa saa nzima. Mfungwa alikuwa anachimba ukuta kwa kijiko, na somo yangu alikuwa ananieleza kwa nini karoti za mwaka jana zilitoka na miguu miwili.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nimesema nini?"

"Karoti zina miguu."

"Na kwa nini zina miguu?"

Sikujua. Alicheka, akarudia tangu mwanzo.

Siku ya sita alikuja chumbani asubuhi, akaketi kitandani kwangu juu ya kona ya blanketi, akaanza habari ya mtu aliyeoa kule Soni. Mfungwa wangu alikuwa amebakiza tofali moja. Nikasema, kwa sauti ambayo haikuwa nzuri:

"Somo, niache kidogo. Nasoma."

Aliikata habari ya Soni katikati. "Unasoma?"

"Nasoma, bwana."

"Kweli unasoma?"

"Si unaniona? Nasoma."

Alinitazama kwa muda, kisha akatazama vitabu vilivyopangwa ukutani, kimoja kimoja, mpaka kile cha kemia. Akainuka kwa fimbo yake. Akatoka, akafunga mlango kwa uangalifu, kama mlango wa chumba cha mgonjwa. Nilijisikia vibaya kwa muda wa mistari minne hivi. Kisha tofali likatoka.

Kesho yake nilipoamka redio ilikuwa imezimwa. Katika nyumba ile redio huwashwa kabla ya moto. Mbele ya dirisha la chumba changu kulikuwa na meza, ile meza ya sebuleni, na juu yake daftari jipya na kalamu mbili. Chai ililetwa mpaka mezani. Aliiweka, akasema "Onga maundo", salamu yetu ya asubuhi, kwa kunong'ona, akaondoka akinyata kwa vidole vya miguu, fimbo ikiwa imeinuliwa isigonge sakafu.

Nilidhani ananidhihaki. Alasiri nikashuka kwa mama wa nyumba ya chini, anayekaanga maandazi, ndipo nilipoelewa.

"Shikamoo kaka," alisema. "Au siku hizi nikusalimie mwanafunzi?"

"Marahaba. Mwanafunzi gani?"

"Usione haya! Somo yako ametuambia. Hongera sana. Nimemwambia huyu mume wangu, wewe umeshindwa kusoma hata mita ya umeme, mwenzako ana mvi mpaka kifuani anautafuta mtihani wa kidato cha nne." Akanifungia maandazi sita kwenye gazeti. "Haya ni ya kichwa. Ukila mafuta akili inashika."

Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili. Anayesoma hadithi chini ya mti anasoma, na anayekaa darasani anasoma. Kwa mtu aliyesoma sana, maana hizo mbili hazigongani. Lakini kwetu sisi tuliokulia mlimani, mtu mzima akisema "nasoma" mbele ya ukuta wa vitabu, maana ni moja tu: anatafuta cheti. Nani alishawahi kumwona mzee akifungua kitabu kwa sababu kinampendeza? Nilisema "nasoma" mara tatu, na mara tatu somo yangu alisikia kwamba nimerudi shule.

Ningeweza kumwambia mama yule pale pale, tungecheka wote. Nilichukua maandazi, nikashukuru. Nikipanda mlima nilikuwa nawaza kwamba hakuna mtu atakayenigongea mlango kesho.

Siku nne zilizofuata nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata. Nilimaliza mfungwa. Nilisoma mabaharia wote mpaka wakafika. Nilijifunza kwamba nyuki akiona maua mengi hurudi kwenye mzinga na kuwaonyesha wenzake njia kwa kucheza, na nikainua kichwa nimwambie mtu, na hapakuwa na mtu. Somo yangu alikuwa nje.

Alikuwa nje kwa sababu nilikuwa ndani. Kabla ya hapo mimi ndiye niliyekuwa nakata majani ya ng'ombe kwenye kingo za matuta na kuyabeba. Sasa alikuwa amenikataza. "Wewe una kazi," alisema, akachukua panga. Kupitia dirishani nilimwona akipanda kutoka matutani na mzigo wa majani ya gwatemala kichwani, fimbo mkono mmoja, akisimama kila baada ya hatua sita au saba. Mara ya kwanza nilitoka mbio kumpokea. Alinifokea kweli kweli.

"Rudi! Unatoka kufanya nini? Unataka ufeli halafu useme ni mimi?"

Nikarudi. Niliketi mezani nikifungua ukurasa, nikamsikia akitua mzigo bandani upande wa pili wa ukuta. Kisha nikamsikia anaongea. Alikuwa anamweleza ng'ombe habari ya mtu aliyeoa Soni. Sauti ilikuwa ya chini ili isinisumbue, maneno sikuyapata vizuri, lakini nilitambua mwendo wake, mahali anapopumua kabla ya kichekesho. Ng'ombe alikuwa na mimba kubwa na hakuwa na pa kwenda.

Nami pia sikuwa na pa kwenda. Nilijaribu kushuka Lushoto mjini siku ya soko, ninyooshe miguu, nikatazame watu. Kwenye kona ya kwanza fundi baiskeli akaniita: "Mzee, leo hakuna masomo?" Sokoni muuza kabichi ambaye simjui aliniuliza nitafanya masomo mangapi. Mtu wa tatu aliniambia hesabu ndiyo iliyomshinda mtoto wake. Nikarudi kabla ya saa sita na viatu vizito kwa tope. Somo yangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulikwenda wapi?"

"Kununua wino."

"Kalamu zimeisha? Mbili?"

Nilikuwa sijaandika hata herufi moja kwenye daftari lile.

Tulikula kimya. Alikuwa ameamua kwamba chakula chenye maneno kinatoa kichwani yaliyoingia. Nilianza kuongea mimi, nikamuuliza juu ya mfereji, juu ya kondoo, akaweka kidole mdomoni. "Utaniuliza ukimaliza," alisema. Sote wawili tulijua kalenda iliyo ukutani inasema nini, na jinsi binti alivyozungushia Jumamosi ya kuhama duara la wino mwekundu. Alikuwa ananipa siku zake za mwisho nyumbani kwake, moja baada ya nyingine, na mimi nilikuwa nazitumia kwa hadithi za upelelezi. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nasoma kurasa nzima bila kujua nani ameuawa. Nilisoma kwa sababu nikifunga kitabu ningelazimika kusema.

Kisha akaleta mwalimu.

Alikuwa mstaafu wa hesabu, mzee kuliko sisi, aliyekuja kutoka Tanga kufundisha miaka mingi iliyopita na baridi ikamzoea. Alivaa koti na kofia ya sufu. Nikainuka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Keti, mwanangu."

Sikuwa nimeitwa hivyo kwa muda mrefu. Somo yangu alibaki mlangoni, anatabasamu, mpaka mwalimu alipomwambia kwa upole kwamba mwanafunzi huwa anaona aibu mbele ya watu. Akatoka kwa vidole vile vile.

Mwalimu alifungua daftari langu ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili. Akanitazama juu ya miwani, kisha akachora pembetatu.

"Niambie kuhusu huyu."

"Ni pembetatu."

"Hilo hata ng'ombe wa hapo bandani analijua. Endelea."

Sikuweza kuendelea. Alichora mstari, akaandika herufi, akanipa kalamu, nikaishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Mwalimu akasubiri bila haraka, macho yake yakatembea chumbani, yakafika kwenye mto wangu, chini yake ilikotokeza riwaya nyingine. Akanyoosha mkono, akaivuta, akaifungua mahali nilipokunja.

"Hiki hakimo kwenye muhtasari," alisema.

"Hakimo, mwalimu."

"Umefika wapi?"

"Hapo mke wake amerudi. Amemsamehe."

"Hajamsamehe. Subiri." Alikifunga, akakirudisha chini ya mto. Kwa muda tulisikiliza panga likigonga nje. "Huyu mwenzako anajua kwamba hakuna mtihani?"

"Hajui."

"Alikuja kwangu kwa miguu. Na nyonga ile. Alikuja mara mbili, mara ya kwanza hakunikuta." Alikuwa anafunga vifungo vya koti lake. "Mimi sitamwambia. Lakini Jumatano nitarudi, kwa sababu nimemwahidi. Nisiukute uongo huu humu ndani."

Nje somo yangu alimkabili. "Vipi?"

"Kichwa kipo," alisema mwalimu. "Tatizo ni mwenye kichwa."

Yeye alisikia nusu ya kwanza tu. Jioni yote nilimsikia upande wa pili wa ukuta akimwambia ng'ombe: "Kichwa kipo! Unasikia? Mwalimu mwenyewe kasema, kichwa kipo."

Jumanne asubuhi nilimfuata matutani. Ukungu ulikuwa umefunguka, bonde lote lilionekana mpaka kwenye mabati ya mjini. Alikuwa amepiga goti moja, anakata.

"Rudi ndani," alisema bila kugeuka. "Kesho mwalimu anakuja."

"Lete panga, somo."

"Nimesema rudi."

"Hakuna mtihani."

Aligeuka. "Wameahirisha?"

"Haukuwepo. Sijajiandikisha popote. Nilikuwa nasoma hadithi."

"Ulisema unasoma."

"Nilikuwa nasoma."

"Unasoma nini?"

"Hadithi za watu. Mfungwa. Mabaharia. Na nyuki."

"Nyuki," alisema. Aliketi chini kwenye majani mabichi. "Wewe usinichezee Kiswahili. Nilikuuliza, kweli unasoma? Ukasema, si unaniona. Nilikuuliza hivyo au sikukuuliza?"

"Uliniuliza."

"Siku kumi na saba nimefunga mdomo. Nimezima redio, sijui hata nani kafa huko duniani. Kwa ajili ya nyuki."

Alichana jani kwa urefu, akachana tena.

"Unajua kwa nini?" alisema. "Kwa sababu ya Mazinde. Ni mimi niliyekwambia tutoroke shule tushuke huko tukaone magari makubwa. Mimi. Ukapanda lile lori la vitunguu, mimi nikaogopa, nikarudi peke yangu kwa njia ya miguu, usiku ukanikuta mlimani. Nikachapwa. Nikasema, atarudi kesho. Maisha yako yote ulivyohangaika, kila ukipita hapa na kimfuko chako, najiambia, yule angekuwa mwalimu, yule angekuwa karani, mimi ndiye niliyemtoa darasani. Halafu siku ile umesema unasoma. Nikasema, basi, Mungu amenipa kuirekebisha kabla sijaondoka."

Nilikuwa sijawahi kulijua hilo. Miaka yote alikuwa ananisimulia kila kitu, na hilo hakuwahi kulisimulia. Ningeweza kuliacha lilivyo. Lakini nilikuwa nimechoka kukaa ndani ya kitu nisichokisema.

"Somo, siku ile ya Mazinde nilikuwa nimevaa mashati mawili."

"Mashati gani?"

"La shule juu, la nyumbani chini yake. Nilitoka nyumbani nimeyavaa. Nilikuwa nimeshaamua tangu wiki iliyotangulia. Ni mimi niliyekuwa nakuhadithia magari kila siku mpaka ukasema twende. Nilitaka iwe wewe uliyesema, ili nikikamatwa tuchapwe wote."

Chini kabisa, kwenye barabara ya Mombo, lori lilikuwa linapanda kwa gia ya kwanza, na tulilisikia mpaka likapotea kwenye kona.

"Kwa hiyo," alisema, "miaka yote hiyo nimebeba mzigo ambao si wangu. Na siku kumi na saba nimebeba majani ambayo ni yako."

"Nisamehe."

"Chukua panga."

Nikachukua. Alijiinua kwa fimbo, akaanza kupanda. Baada ya hatua chache akasimama. "Na yale niliyotaka kukwambia, yote nimeshamwambia ng'ombe. Kamuulize."

Zilibaki siku tatu. Vitabu nilivirudisha kwenye katoni, nikazisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani. Mwalimu alikuja Jumatano, akanywa chai, akatazama nyuso zetu, hakutoa kalamu. Niliketi na somo yangu kutoka asubuhi hadi giza. Nilimuuliza mtu wa Soni aliishia wapi. "Aliachika." Nilimuuliza kwa nini karoti zinatoka na miguu. "Mawe." Redio ilikuwa imewashwa tena, kwa sauti kubwa, na alikuwa anaisikiliza kama mtu aliyelipwa kuisikiliza. Siku ya pili nilimwambia, ongea basi, nitukane hata.

"Unadhani mimi ni bomba?" alisema. "Ufunge utakavyo, ufungue utakavyo?"

Hakuwa na chuki. Hilo ndilo lililonibana zaidi. Alinikaribisha chakula, alinipa blanketi la pili, aliniuliza kama chai ina sukari. Alikuwa amezoea kimya. Nilimfundisha mwenyewe, na alikuwa mwanafunzi mzuri.

Binti alifika Jumamosi saa nne na gari dogo la kukodi. Alipiga goti. "Shikamoo baba. Shikamoo baba mdogo." Akaanza kutoa vitu bila kupumzika: godoro, sufuria, picha ya mama yake. Vilipokwisha kuingia akanijia na funguo mkononi.

"Baba alishaniambia kwenye simu wiki ile nyingine," alisema. "Nyumba hatutaipangisha mpaka umalize mtihani wako. Na ng'ombe ubaki naye, akishazaa jirani atamchukua. Masomo yanaendaje, baba mdogo?"

Nilitazama ndani ya gari. Somo yangu alikuwa ameshaketi mbele, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa na siku tatu nzima za kumwambia binti yake. Nilifungua mdomo.

"Anaendelea," alisema yeye kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya chini. "Mwalimu kasema kichwa kipo. Mpe funguo."

Mama wa maandazi alikuwa amesimama kwenye kona na majirani wengine. Wote walinitazama kwa kunitakia mema. Nikazipokea. Zilikuwa tatu kwenye kamba ya katani: ya mlango, ya stoo, ya banda. Sijawahi kuwa na ufunguo wa kitu chochote. Sikujua kama amenifadhili au amenifunga, na nilipomtazama usoni nijue, alikuwa anatazama matuta yake.

Dereva akawasha gari. Nikasogea dirishani kumuaga. Nilikuwa nimetayarisha maneno, lakini aliniwahi.

"Sijakwambia ya Rangwi," alisema.

"Rangwi ipi?"

"Ya mke wangu. Unajua alitoka Rangwi, lakini hujui nilivyompata. Hakuna anayejua. Nilikwenda kutafuta mbegu za viazi, sikwenda kutafuta mke. Nikakuta wamekaa watu sita kwenye ukuta wa misheni..."

"Baba, tutachelewa, mvua hii," alisema binti.

"Twende, twende, nani amekuzuia?" Gari likaanza kujongea, naye akatoa kichwa nje. "Watu sita. Wa tano ndiye yeye, na alikuwa amevaa kiatu kimoja. Nikamuuliza..."

Nilitembea pembeni ya gari, mkono kwenye mlango. Njia ilikuwa ya mashimo, dereva alikwenda taratibu, na somo yangu aliongea kama zamani, bila kupumzika, kiatu kilikuwa wapi, nani alikuwa amekificha, mama yake alisema nini kwa Kishambaa. Nilicheka pale pa kucheka. Tulipita nyumba ya chini, tukapita kwa fundi baiskeli. Nilianza kwenda hatua za haraka, kisha nikakimbia kidogo, funguo zikigongana mfukoni. Kwenye kona ya kushuka mjini barabara ni nzuri. Dereva alibadilisha gia. Nilimwona bado amegeuza uso kwangu, mdomo unakwenda, mkono unapima hewani urefu wa kitu fulani, mpaka miti ikawaficha.

Nikasimama hapo nikihema. Huko juu ng'ombe alikuwa hajalishwa.